Chupa zilezile, mpangilio unageuka: SN1 na SN2 kwenye maabara ya shule

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha sita ni haloalkani ipi (kampaundi ya kaboni iliyobeba halojeni kama klorini, bromini au iodini) inamenyuka haraka, ya daraja la kwanza, la pili au la tatu, yaani ile ambayo kaboni yenye halojeni imeshikana na kaboni nyingine moja, mbili au tatu. Mmoja atajibu bila kusita: la tatu. Wa pembeni yake atasema la kwanza. Wote wawili wamesoma, na wote wawili wanaweza kukuonyesha daftari. Tatizo ni swali lenyewe, maana halijasema haraka kwa njia ipi.

Kaboni iliyobeba klorini, bromini au iodini ina njia mbili za kuiachia na kupokea kitu kingine mahali pake. Njia moja, SN1, inaipendelea kaboni iliyozungukwa na makundi mengi, nyingine, SN2, inaikataa kaboni hiyohiyo. Jambo hili linaonekana kwa macho kwa mirija michache na chupa mbili za vitendanishi, na mwalimu wa PCB au PCM (michepuo ya sayansi ya kidato cha tano na sita) hapa Arusha au Moshi anaweza kulifanya ndani ya vipindi viwili vilivyofuatana. Yapo mambo machache ya kwetu ambayo vitabu vilivyoandikiwa usawa wa bahari havikuambii, na nitayataja kila yanapofika.

Anza na maji, kabla ya kemikali yoyote. Kitendanishi cha kwanza ni nitreti ya fedha, nayo haina subira na maji ya bomba: kloridi iliyomo humo inatoa ukungu mweupe, na bikaboneti, ambayo ni nyingi kwenye maji ya miamba ya volkano ya Meru, inaweza kutoa mashapo ya rangi ya maziwa yanayoelekea unjano. Mrija uliosuuzwa kwa maji ya bomba utakupa jibu kabla hujaweka haloalkani. Suuza kwa maji yaliyokenekwa, kisha kwa ethanoli kidogo, uache ukauke. Maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri za magari yanafaa, ila hakikisha chupa si ya tindikali ya betri, kwa sababu madukani zote mbili huitwa maji ya betri. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza nayo mara nyingi yanafaa. Kwa vyovyote, tenga mrija mmoja wa kulinganishia: nitreti ya fedha pamoja na matone matatu ya maji hayo unayotumia, bila haloalkani. Ukibaki mwangavu kwa dakika tano, endelea.

Mtu wa Arusha atauliza, na floridi je? Maji yetu yanajulikana kwa floridi nyingi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia Arumeru ni ushahidi. Floridi haitasumbua jaribio hili, kwa sababu floridi ya fedha inayeyuka vizuri kwenye maji. Ikumbuke floridi lakini, tutairudia kwa sababu nyingine.

Mmumunyo wa nitreti ya fedha utengeneze hivi: pima gramu 1.7, iyeyushe kwanza kwenye mililita 5 za maji yaliyokenekwa, halafu ongeza ethanoli hadi mililita 100. Hapo una moli 0.1 kwa lita. Ukiitupa moja kwa moja kwenye ethanoli itayeyuka kwa shida na utapoteza nusu saa unatikisa. Hifadhi kwenye chupa ya kahawia, na uvae glavu, maana doa lake jeusi kwenye ngozi halitoki kwa sabuni. Usitumie spiriti ya zambarau ya kuwashia jiko. Rangi yake inaficha ukungu mwembamba, na ukungu mwembamba ndio unaoutafuta.

Weka mililita 2 za mmumunyo huo kwenye kila mrija. Ongeza matone matatu ya 1-bromobutani kwenye wa kwanza, matone matatu ya 2-bromobutani kwenye wa pili, na matone matatu ya 2-bromo-2-methilipropani kwenye wa tatu. Tikisa, anza kuhesabu muda. Mrija wa daraja la tatu unageuka papo hapo, mashapo ya rangi ya krimu yanajaa kabla hujaurudisha kwenye rafu. Wa daraja la pili unachelewa, unaanza na utando kama moshi. Wa daraja la kwanza unakaa mwangavu. Baada ya dakika tano ingiza iliyobaki kwenye bika la maji ya nyuzi 50 hadi 60, na wa daraja la kwanza nao utaanza kubadilika. Anayeishia hapa anaondoka na ile kanuni ya daftari, kwamba daraja la tatu ndilo lenye kasi.

Usiishie hapo. Chukua chupa zilezile tatu na mirija mingine mitatu, safari hii mikavu kabisa. Kitendanishi cha pili ni iodidi ya sodiamu kwenye asetoni, gramu 15 kwa mililita 100. Werevu wa jaribio hili uko kwenye umumunyifu: iodidi ya sodiamu inayeyuka vizuri kwenye asetoni, ila bromidi ya sodiamu na kloridi ya sodiamu haziyeyuki. Kwa hiyo iodidi ikiingia kwenye kaboni na kuitoa bromidi, bromidi hiyo inakutana na sodiamu na kuanguka chini kama mashapo meupe. Mmenyuko huu una jina la Hans Finkelstein, aliyeuchapisha mwaka 1910.

Mililita 2 kwenye kila mrija, matone mawili ya haloalkani, tikisa, subiri dakika tatu kwenye joto la kawaida. Sasa mshindi ni 1-bromobutani. Mashapo yake yanatokea ndani ya dakika hizo chache. 2-bromobutani inahitaji kupashwa joto na uvumilivu. 2-bromo-2-methilipropani, ile iliyoruka kama risasi kwenye fedha, inabaki nyuma. Mpangilio umegeuka juu chini, na chupa ni zilezile.

Hapa kuna mambo mawili yanayoharibu. La kwanza ni unyevu. Asetoni yenye maji inayeyusha bromidi ya sodiamu, mashapo hayaonekani, na mwanafunzi anaandika kwamba hakuna mmenyuko wakati mmenyuko umekwenda vizuri kabisa. Ikague hivi: chota chembe ndogo ya chumvi ya mezani iliyokaushwa, itie kwenye mililita 2 za asetoni yako na utikise. Ikianza kunata kwenye kioo au kuyeyuka, asetoni hiyo ina maji. La pili ni rangi. Mmumunyo wa iodidi ukikaa kwenye mwanga na hewa unageuka wa njano na kisha wa kahawia kwa sababu iodini huru imetoka. Mwaga, tengeneza mpya. Mmumunyo wa kahawia hauonyeshi mashapo membamba.

Halafu kuna suala la mwinuko. Maelekezo ya kawaida yanasema mrija usiobadilika upashwe kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika sita. Kwenye usawa wa bahari asetoni inachemka kwa nyuzi 56, kwa hiyo 50 ni salama. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na msukumo wa hewa ni kama 860 hektopaskali. Kwa msukumo huo asetoni inachemka karibu na nyuzi 51 na nusu. Bika lako likipanda digrii mbili tu, asetoni inaruka nje ya mrija, na mvuke wake unashika moto kwa urahisi mno. Moshi, kwenye mita 900 hivi, unapata nafasi kidogo, kama nyuzi 53. Ushauri wangu kwa Arusha ni nyuzi 45 kwa dakika kumi, na maji yapashwe kwa birika la umeme mbali na meza. Bani ya gesi izimwe kabla chupa ya asetoni haijafunguliwa.

Sasa, kwa nini mpangilio unageuka?

Nitreti ya fedha inafanya kazi ya kuvuta. Ioni ya fedha inaing'ang'ania halojeni na kuisaidia kuondoka na elektroni zote mbili za bondi, kaboni inaachwa na chaji chanya. Kinachoamua kasi ni kama kaboni hiyo inaweza kuibeba chaji. Ya daraja la tatu ina makundi matatu ya alkili yanayoisogezea elektroni, kwa hiyo inaibeba. Ya daraja la kwanza haina msaada huo. Baada ya hapo ethanoli au maji yanaingia upesi, na hatua hiyo ya pili haina uzito kwenye hesabu ya kasi. Ni hatua ya kwanza, ya kuachana, inayochelewesha kila kitu, na ndani yake yumo mhusika mmoja tu. Hiyo ndiyo SN1, na namba 1 inasema hilo: molekuli moja kwenye hatua inayoamua kasi. Haisemi kwamba mmenyuko una hatua moja. Kosa hili linagharimu alama nyingi, maana SN1 ndiyo yenye hatua mbili na SN2 ndiyo yenye hatua moja.

Kwenye asetoni hakuna fedha ya kuvuta, na asetoni yenyewe ni dhaifu katika kuzituliza ioni zilizoachana. Iodidi inalazimika kuja yenyewe, upande wa nyuma wa kaboni, mkabala kabisa na halojeni, na kuanza kufunga bondi wakati ya zamani inakatika. Kwa muda mfupi kaboni ina washirika watano. Hiyo ndiyo SN2: wahusika wawili kwenye hatua moja. Makundi makubwa nyuma ya kaboni yanaziba mlango. Ukichukua kasi ya ethili kuwa 1, methili inakuwa karibu 30, kundi la daraja la pili kama isopropili linashuka hadi karibu 0.025. Na kuna kisa kinachostahili kuangaliwa kwa karibu: 1-bromo-2,2-dimethilipropani. Kwa jina na kwa hesabu ni ya daraja la kwanza, kaboni yenye bromini ina hidrojeni mbili. Lakini kaboni ya jirani imebeba methili tatu, nazo zinafunika mgongo wote. Kasi yake kwenye SN2 ni kama mara laki moja chini ya ile ya ethili. Kwa hiyo hata neno "daraja la kwanza" ni njia ya mkato tu. Kinachotafutwa ni nafasi, na nafasi unaiona ukichora molekuli nzima au ukiijenga kwa mipira na vijiti, hata vya udongo na njiti za meno.

Edward Hughes na Christopher Ingold, Chuo Kikuu cha London, ndio waliozipa njia hizi majina tunayotumia, miaka ya 1930. Sehemu ya kazi ile ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1935. Tangu 1896 ilijulikana, kwa kazi ya Paul Walden huko Riga, kwamba molekuli yenye mkono wa kushoto (zipo molekuli za maumbo mawili, moja taswira ya nyingine kwenye kioo, kama mikono miwili) inaweza kutoka kwenye mmenyuko ikiwa ya mkono wa kulia, ila haikujulikana ni hatua gani inayoigeuza. Hughes na wenzake walichukua 2-iodooktani ya mkono mmoja tu, wakaichanganya kwenye asetoni na iodidi yenye mnururisho. Wakapima vitu viwili kwa pamoja: iodini yenye mnururisho inaingia kwa kasi gani, na uwezo wa mmumunyo wa kuzungusha mwanga (mkono mmoja huuzungusha upande huu, mwingine upande wa pili) unapotea kwa kasi gani. Mzunguko ulipotea kwa kasi mara mbili ya iodini kuingia. Fikiri mara mbili hiyo inatoka wapi. Kila molekuli inayobadilishwa inageuka, kama mwavuli uliopinduliwa na upepo. Ikigeuka, unapoteza moja ya kushoto na papo hapo unapata moja ya kulia, na ile ya kulia inafuta mchango wa nyingine ya kushoto. Tukio moja, hasara mbili. Kasi hizo mbili zingekuwa sawa kama nusu tu zingegeuka. Kwa hiyo zote ziligeuka, kila moja, na nukleofaili, yaani kitu kinachoingia, hapa iodidi, ilitoka nyuma kila mara. Ni vigumu kupata hoja safi kuliko hiyo kwenye kemia yote ya kaboni.

Turudi kwenye floridi. Fanya mirija mingine mitatu ya nitreti ya fedha, safari hii 1-klorobutani, 1-bromobutani na 1-iodobutani, yote kwenye maji ya nyuzi 60 kwa wakati mmoja. Iodidi inatangulia kwa mashapo ya njano, bromidi inafuata kwa krimu, kloridi inakuja mwisho kwa nyeupe. Wanafunzi wengi hutabiri kinyume, kwa hoja kwamba klorini inavuta elektroni zaidi, kwa hiyo kaboni yake ina chaji chanya zaidi na itashambuliwa kwanza. Hoja si ya kipuuzi, ila nguvu ya bondi inaizidi. C–I inahitaji karibu kilojuli 240 kwa moli, C–Br karibu 290, C–Cl karibu 340. C–F inahitaji karibu 485, na ndiyo maana floroalkani ya kawaida haitakuonyesha chochote kwenye jaribio hili hata ukisubiri hadi jioni. Bromobenzini na klorobenzini nazo hazitakuonyesha kitu kwenye kitendanishi chochote kati ya hivi viwili: bondi yake imeimarishwa na elektroni za pete, na pete yenyewe inaziba njia ya nyuma. Mrija mmoja wa klorobenzini kwenye kila seti ni mzuri wa kulinganishia.

Kundi la OH la alkoholi ni baya zaidi katika kuondoka, kwa sababu lingelazimika kutoka kama hidroksidi, ambayo ni besi kali. Dawa yake ni asidi: ipe protoni, litoke kama maji. Hilo linakupa njia ya kutengeneza mwenyewe haloalkani ya daraja la tatu badala ya kuinunua, na kwa shule yenye bajeti ndogo ni ahueni kubwa.

Unahitaji 2-methilipropani-2-oli. Inaganda chini ya nyuzi 25 na nusu, hivyo asubuhi ya Julai Arusha utaikuta imekuwa jiwe ndani ya chupa. Haijaharibika. Legeza kifuniko, isimamishe kwenye maji ya uvuguvugu hadi iyeyuke. Pima mililita 10, ziweke kwenye faneli ya kutenganishia pamoja na mililita 25 za asidi hidrokloriki kali, chini ya kofia ya moshi au karibu na dirisha lililo wazi. Zungusha taratibu bila kizibo kwa dakika moja. Kisha ziba, pindua, na ufungue koki mara moja kutoa msukumo, mdomo wa faneli ukiangalia ukuta na si uso wa mtu. Endelea kutikisa na kutoa msukumo kwa dakika 15 hadi 20. Wazungu wa maabara wanaweza kutumia mashine, sisi mkono unatosha.

Acha matabaka yatengane. La juu ndilo lako, kwa sababu 2-kloro-2-methilipropani ina gramu 0.84 hivi kwa mililita. Usikisie: dondosha tone la maji uone linajiunga na tabaka lipi. Ondoa asidi ya chini, osha kwa mililita 10 za maji, halafu mililita 10 za bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5, halafu maji tena. Hatua ya bikaboneti ndiyo inayorusha vizibo: gesi ya kaboni dayoksaidi inatoka kwa kasi, kwa hiyo zungusha bila kizibo hadi povu litulie ndipo uzibe. Na mtu asikushauri utumie hidroksidi ya sodiamu eti kwa sababu ni kali zaidi na itamaliza asidi upesi. Itaimaliza asidi, na itaanza kukung'oa hidrojeni na klorini kwenye bidhaa yako, ikuachie 2-methilipropeni, ambayo ni gesi na itaruka dirishani. Kuosha kwenyewe kuwe kwa haraka pia. Maji yanaila bidhaa hii, na sehemu inayofuata itaonyesha kwa kasi gani.

Kausha kwa gramu moja au mbili za kloridi ya kalsiamu isiyo na maji hadi kimiminika kiwe angavu, kisha keneka kwa maji ya moto. Kitabu kitasema kusanya kati ya nyuzi 49 na 52. Arusha kitu safi kitakuja karibu na 46, Moshi karibu na 47 au 48. Mwanafunzi anayesubiri 49 atamwaga bidhaa nzuri akidhani ni uchafu. Kutoka mililita 10 za alkoholi hesabu inakupa gramu 9.7 kama kila molekuli ingefika. Ukipata gramu 6 au 7 umefanya kazi nzuri. Ukipata 3, mara nyingi asidi yako ilikaa wazi na imepoteza nguvu, au uliacha bidhaa ikae na maji wakati wa chakula cha mchana.

Sasa tumia mililita 1.1 ya ulichotengeneza, jaza asetoni hadi mililita 100. Ni moli 0.1 kwa lita. Kwenye chupa ya konikali weka mililita 0.3 za hidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1 kwa lita, mililita 6.7 za maji yaliyokenekwa, na matone mawili ya bromofenoli buluu. Kama haipo, fenofthalini inatosha. Mwaga ndani mililita 3 za mmumunyo wa asetoni kwa mpigo, zungusha, anza saa. Maji yanaitoa klorini, asidi inazaliwa, inaimaliza hidroksidi, na rangi inabadilika ghafla pale asilimia 10 ya haloalkani inapokuwa imemenyuka. Kwa nyuzi 25 ni zaidi kidogo ya nusu dakika. Kila nyuzi 10 za ziada zinaongeza kasi karibu mara tatu, kwa hiyo namba za darasa la Moshi mchana wa Februari na za Arusha asubuhi ya Julai hazitafanana hata kidogo. Simamisha chupa zote kwenye beseni moja la maji na uandike joto.

Jaribio la maana ni hili: rudia, ila ukishachanganya tu ongeza mililita 10 za mchanganyiko wa maji 7 kwa asetoni 3. Kila kitu kimepunguzwa nusu, haloalkani na hidroksidi. Kama hidroksidi ingekuwa inashiriki kwenye hatua inayoamua kasi, muda ungekuwa mara mbili. Muda haubadiliki. Ndani ya dakika moja mwanafunzi amepima kwamba mmenyuko ni wa molekuli moja.

Kuna mtego hapa. Ukiongeza hidroksidi peke yake kuwa mililita 0.6 na maji 6.4, muda unapanda mara mbili na ushei, na darasa litasema hidroksidi imepunguza kasi. Haikupunguza. Umesogeza mstari wa kumalizia kutoka asilimia 10 hadi 20. Gawanya 0.105 kwa muda wa kwanza, na 0.223 kwa muda wa pili, uone zinatoa kasi ileile. Kisha jaribu maji 11.7 badala ya 6.7, bila kubadilisha kingine. Asilimia 10 inabaki, ila kiyeyushi sasa kina maji asilimia 80, na muda unapungua kwa zaidi ya nusu. Maji yanazituliza ioni zinazoachana. Kutoka ethanoli tupu hadi maji matupu tofauti ya kasi inafika kwenye laki.

Kuhusu SN2 kuna mfano unaokua kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani, vya mteremko wa Kilimanjaro. Mti wa kahawa unaijenga kafeini kwa kubandika methili tatu, moja baada ya nyingine, kwenye pete yenye nitrojeni. Methili zote tatu zinatoka kwa S-adenosili-methionini, ambako methili imekaa juu ya salfa yenye chaji chanya. Nitrojeni inaishambulia kaboni ya methili kutoka nyuma, salfa inaondoka bila chaji, imetulia. Nitrojeni namba 7 inapata yake kwanza, kisha namba 3, hapo una theobromini, na namba 1 inakamilisha kafeini. Kwa nini methili na si kitu kikubwa zaidi? Kwa sababu mgongo wa methili uko wazi kuliko wa kaboni yoyote. Uwazi huohuo ndio uliofanya bromidi ya methili kuwa sumu kali ya kufukizia udongo na maghala: inabandika methili kwenye protini za wadudu, na za mtu pia. Mkataba wa Montreal uliiondoa kwenye matumizi ya kawaida kwa sababu ya ozoni, nchi zinazoendelea zikipewa hadi 2015.

Uondoaji, ule wa kung'oa hidrojeni pamoja na halojeni, nimeugusa tu. Besi kali, joto na ethanoli vinaelekea kwenye alkeni, maji na ubaridi vinaelekea kwenye alkoholi, na kwa daraja la tatu pamoja na hidroksidi usitegemee SN2 kabisa. Kwenye kuchora, mshale wa mwendo wa elektroni unaanza kwenye jozi ya elektroni na kuishia kwenye kaboni. Ukianzia kwenye kaboni, umesema elektroni zinatoka mahali ambapo hazipo.

Mabaki yasimwagwe kwenye sinki. Ya fedha yakusanye kwenye chupa moja, ongeza chumvi, acha kloridi ya fedha ishuke, chuja, hifadhi. Usiyatie asidi nitriki kali wala kuyachemsha nayo: fedha, ethanoli na asidi nitriki ndivyo vinavyotengeneza fulminati ya fedha, inayolipuka kwa kuguswa. Amonia pia isitiwe humo na kuachwa ikae. Asetoni yenye haloalkani ina chupa yake ya pili, yenye lebo, mbali na jiki na mbali na moto. Mirija isuuzwe kwa ethanoli kwanza, ndipo maji.